Ini Si Sufuria

Ukishuka Gerezani ukakata kuelekea Mtaa wa Kongo, Kariakoo, sauti itakupokea kabla ya vitenge. Mwenyewe haonekani. Imerekodiwa, inatoka kwenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya mwavuli, na kutwa nzima inarudia yaleyale: una sukari, miguu inawaka moto, macho yanaingia ukungu, usingizi umekata, basi jua ini lako limejaa sumu. Zamani maneno yaliishia hapo kwenye sumu. Siku hizi yameongezewa beti. Sumu imepewa jina la kisomi, chembe haribifu, na dawa yake nayo imepewa lake, antioksidanti. Juzi nilimkuta kijana ambaye hajatimiza hata miaka thelathini akimweleza mama mmoja mtu mzima habari za mitokondria. Mitokondria, katikati ya mikokoteni na harufu ya dagaa! Kitu ambacho sisi tulikikariri shuleni tukakiacha kwenye karatasi ya mtihani.

Sina ugomvi na kijana yule, anatafuta ugali wake. Ugomvi wangu ni na imani anayoiuza, kwa sababu imani hiyo haiko barabarani tu. Iko kwenye semina za hotelini wanakouziwa watu makopo ya ng'ambo, iko kwenye vipindi vya asubuhi vya redio, iko kwenye simu ya shemeji yako mwenye shahada mbili. Inasema hivi: kisukari huzalisha chembe haribifu ndani ya seli za ini, chembe hizo huunguza mitokondria, antioksidanti huzizima, kwa hiyo meza antioksidanti, ini litatakata na sukari itashuka. Kauli nne, na tatu za mwanzo zina ukweli ndani yake. Uongo mtupu hausumbui, watu huusikia wakacheka wakapita. Unaosumbua ni huu uliopanda mgongoni mwa ukweli.

Ukweli wenyewe ni upi? Jina la msongo wa oksidi, yaani chembe haribifu kuishinda kinga ya mwili, liliingia vitabuni mwaka 1985 kupitia Mjerumani Helmut Sies. Mwaka 2000 kundi la Michael Brownlee wa New York lilichapisha katika jarida la Nature kazi iliyoonesha kwamba sukari ikizidi, mitokondria za seli za mishipa ya damu humwaga superoksidi, mojawapo ya chembe hizo, kupita kiasi, na kwamba ukiuzuia mmwagiko huo, njia kadhaa za uharibifu wa kisukari huzibika kwa mpigo mmoja. Kwenye ini habari ni nzito zaidi, maana ini la mwenye kisukari cha ukubwani, yaani aina ya pili, mara nyingi limejaa mafuta, na mafuta nayo yanataka kuunguzwa na mitokondria hizohizo.

Ili uone kinachotokea huna haja ya hadubini. Simama Mtaa wa Kongo jioni ya kuamkia Idi. Ndani ya mitokondria kuna njia nyembamba ambamo elektroni zilizotoka kwenye chakula hupokezwa hatua kwa hatua hadi ziifikie oksijeni. Zikienda kwa mwendo wake, nishati inapatikana na kinachobaki ni maji. Lakini chakula kikiingia kingi, na mwenye mwili amekaa kwenye stuli ya duka tangu asubuhi, nishati haina pa kutumika. Mbele kumeziba, nyuma wanazidi kusukuma. Baadhi ya elektroni huchomoka pembeni na kuivaa oksijeni kabla ya zamu yake, kama mteja anayesukumwa akaangukia meza ya vyombo. Oksijeni iliyovaliwa namna hiyo ndiyo superoksidi, na huko ndiko vurugu inakoanzia.

Muuza kopo akiiangalia vurugu hiyo anasema: tuajiri vijana wa kuokota vigae. Mimi nauliza nani anaendelea kuwaingiza watu, na kwa nini mlango wa kutokea umefungwa.

Swali hilo si langu peke yangu. Brownlee mwenyewe, ambaye kazi yake ndiyo babu wa matangazo yote haya, alieleza mwaka 2004 katika mhadhara wake wa tuzo ya Banting kwa nini antioksidanti za kawaida zinashindwa: molekuli moja ya vitamini huzima chembe moja kisha nayo imekwisha, ilhali sukari iliyopanda huzalisha superoksidi bila kupumzika, usiku na mchana. Unachota maji kwa kikombe na bomba liko wazi. Zaidi ya hapo, superoksidi huishi sehemu ndogo tu ya sekunde, na inazaliwa nyuma ya kuta mbili za mitokondria. Vitamini uliyoimeza inatakiwa ipite tumboni, ivuke utumbo, iingie damuni, ipenye seli, kisha ipenye kuta hizo mbili, na iwe imekaa palepale kwa wakati uleule. Mwili wako ulilijua tatizo hili kabla ya Kariakoo kuitwa Kariakoo. Umeweka ndani ya seli vimeng'enya vya kazi hiyo. Kimoja kilitambuliwa mwaka 1969 na Joe McCord na Irwin Fridovich, na uzuri wake ni kwamba hakiishi kwa kuzima chembe moja. Kinazima, kinarudi, kinazima tena. Ini ndilo lenye akiba kubwa ya glutathioni, antioksidanti ya mwili wenyewe, kuliko karibu kiungo kingine chochote. Sufuria husuguliwa kwa steli waya kwa sababu haiwezi kujisugua. Ini linajisugua lenyewe tangu ulipozaliwa.

Hapo shemeji mwenye shahada mbili atatoa simu. Tafiti zipo, atasema, na kweli zipo, tena kwa mamia: mlonge, habasoda, manjano, mdalasini, chai ya kijani, kila mmoja na jedwali lake la kupendeza linaloonesha ini lililopona. Fungua uone mgonjwa ni nani. Mara nyingi utamkuta panya.

Simdharau panya. Wale panya buku wa Morogoro, wanaofundishwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa kifua kikuu kwenye makohozi, wamelisaidia taifa hili kuliko waheshimiwa kadhaa ninaowafahamu. Lakini panya wa tafiti za kisukari hakuugua kama anavyougua mfanyabiashara wa Mtaa wa Swahili. Hakukaa dukani miaka ishirini. Hakunywa soda. Alichomwa sindano. Dawa zinazotumika sana kumtia kisukari ni mbili, aloksani na streptozotosini, na zote zinakwenda kuziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Aloksani inaziua kwa silaha gani? Kwa chembe haribifu! Ikishaingia kwenye seli hizo, ambazo kinga yake ni hafifu, inazunguka humo ikizalisha superoksidi na peroksidi ya haidrojeni hadi seli inakufa.

Shika hapo. Panya ametiwa kisukari kwa chembe haribifu za sindano. Akalishwa dondoo la mmea wenye antioksidanti, mara nyingine kabla ya sindano, mara nyingine siku chache tu baadaye. Akapata nafuu kuliko mwenzake aliyenyimwa. Mwandishi anahitimisha kwamba mmea unatibu kisukari, na sentensi hiyo inapanda ndege hadi inafika kwenye lebo ya kopo. Kumbe kilichoonekana ni kwamba mmea umemkinga panya na sumu ya mtafiti. Mama yule wa Mtaa wa Kongo hakuchomwa aloksani. Mwenye mwavuli hajalowa, sawa, lakini usimpe sifa ya kuyakausha mafuriko ya Jangwani.

Kisha kuna dozi, ambayo hakuna anayeitaja. Miligramu 200 au 400 za dondoo kwa kila kilo ya uzito ni kipimo cha kawaida katika kazi hizo. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni gramu 14 hadi 28 za dondoo kavu kila siku. Wataalamu hupunguza hesabu hiyo kwa sababu mwili wa panya huendesha mambo haraka, kwa hiyo gawa kwa sita: bado unazungumzia gramu mbili hadi nne na nusu za dondoo, si za unga. Kijiko cha chai cha majani yaliyosagwa, ambacho sehemu yake kubwa ni nyuzinyuzi, hakifiki hata karibu. Wala usidanganywe na jedwali la nguvu za antioksidanti lililopimwa kwenye bomba la kioo. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa nalo moja maarufu sana, ikaliondoa mwaka 2012 kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakilitumia vibaya na namba zile hazikueleza kinachotokea ndani ya mwili wa mtu.

Kwa watu, jaribio lilishafanyika, tena si dogo. Jaribio la HOPE, lililochapishwa mwaka 2000, liliwapa vitamini E au kidonge kisicho na dawa watu zaidi ya 9,500 wenye miaka 55 na kuendelea, na zaidi ya 3,600 kati yao walikuwa na kisukari. Baada ya miaka minne na nusu, vitamini E haikuukinga moyo wala haikuzikinga figo. Walipoendelea kuwafuatilia, kushindwa kwa moyo kukaonekana kwa wingi zaidi upande wa waliomeza vitamini. Huko Finland, mwaka 1994, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki jaribio lililotarajiwa kuonesha kwamba beta-karotini inazuia saratani ya mapafu. Waliopewa wakaugua zaidi kwa asilimia 18. Na mwaka 2007 Goran Bjelakovic na wenzake walikusanya majaribio 68 yenye watu 232,606. Katika yale yaliyofanywa kwa umakini zaidi, vitamini A, vitamini E na beta-karotini ziliambatana na vifo vingi zaidi, si vichache. Vitamini C haikuua wala haikuokoa.

Nisiwe mchoyo. Upo ushahidi mmoja unaowapendelea, na ni wa ini hasa. Mwaka 2010 jaribio la Marekani liliwapa vitamini E kwa wingi, wiki 96, watu wenye ini lenye mafuta na uvimbe; asilimia 43 walipata nafuu dhidi ya 19 ya waliopewa kidonge kitupu. Ni matokeo ya kuheshimiwa. Ila wenye kisukari waliachwa nje ya jaribio lile tangu mlangoni. Walipokuja kujaribiwa wao, matokeo yakatoka mwaka 2019, vitamini E peke yake haikulifikia lengo kuu. Ndiyo kusema tiba iliyokaribia kufaa haikuwafaa walewale wanaouziwa hapa.

Lakini hoja inayowauma zaidi ni nyingine. Hata ingekuwa kopo lao linafika mpaka ndani ya mitokondria na kuzizima chembe zote, nisingelitaka. Chembe hizo zina kazi. Chembe nyeupe za damu huzitumia kama risasi za kuulia bakteria, na mwenye kisukari aliye na kidonda mguuni anazihitaji kuliko mtu mwingine. Insulini yenyewe, ikigonga mlango wa seli, hutumia peroksidi kidogo ya haidrojeni kupitisha ujumbe wake ndani. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake, Ujerumani, waliwafanyisha mazoezi vijana 39 wenye afya kwa wiki nne. Nusu walimeza vitamini C na E kila siku. Wasiomeza, miili yao ikaanza kuitii insulini vizuri zaidi, jambo ambalo kila mwenye kisukari analililia. Waliomeza hawakupata kitu. Wametoka jasho bure! Misuli inapofanya kazi hutoa cheche, na cheche hizo ndizo zinazouamsha mwili ujenge kinga yake. Vitamini zilizizima kabla ujumbe haujafika. Si wote waliorudia jaribio la namna hiyo walioona pengo kubwa kiasi hicho. Hata hivyo, mtu anayeuza kidonge cha kusaidia insulini anatakiwa atulize moyo wangu kwamba hakiipingi, na sijamsikia hata mmoja akijaribu.

Utaniambia: mzee, wewe ni mtumwa wa dawa za wazungu, unachukia miti ya mababu. Hapana. Metformini, kile kidonge cheupe ambacho kila nyumba yenye mgonjwa wa sukari Ilala inacho kabatini, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao galega, uliotumiwa huko tangu zamani, na Mfaransa Jean Sterne aliiingiza kwenye tiba ya kisukari mwaka 1957. Inafanya kazi wapi? Kwenye ini. Usiku, ini la mwenye kisukari hutengeneza sukari na kuimwaga damuni ilhali haihitajiki, na metformini huizuia, kwa sehemu kwa kuibana kidogo ile njia ya elektroni ndani ya mitokondria. Undani wake wanasayansi wanaubishania hadi leo, ila mahali ni palepale ambapo kijana wa kipaza sauti anadai kopo lake linapafikia. Dawa ya mitokondria za ini ipo, ni ya mti, imejaribiwa miongo kwa miongo, na bei ya kopo lile ingenunua ya miezi kadhaa. Watu wanaitupa kwa sababu wameambiwa inaua figo.

Hilo la figo nimelisikia mpaka kwa watu wazima wenye busara zao. Fulani alimeza metformini, figo zikafa. Kumbe fulani huyo alikuwa na sukari iliyopanda miaka kumi bila kupimwa, na hiyo ndiyo inayoua figo. Daktari anapunguza au anaisimamisha metformini figo zikishalegea kwa kuwa ni figo zinazoitoa dawa mwilini, si kwa kuwa dawa ndiyo iliyozilegeza. Jirani anaona dawa imesimamishwa na figo zimekufa, anaunganisha, hadithi inatembea. Ama kuhusu miti ya mababu, ukitaka inayochunguzwa kwa makini, Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili imekuwa ikiichunguza mitishamba ya nchi hii tangu kitengo chake kilipoanza mwaka 1974. Mti uliopimwa unaitwa dawa. Usiopimwa una haki ya kuitwa chai.

Nchi hii imeshaoneshwa somo hili kwa ukubwa wake wote. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu, alikaa kijijini Samunge, Loliondo, akigawa kikombe cha maji ya mugariga kwa shilingi 500, na kisukari kilikuwa kwenye orodha ya magonjwa aliyosema kinaponya. Foleni ya magari ilihesabiwa kwa kilometa. Mawaziri nao walikunywa. Wako walioacha dawa zao kwa kikombe kimoja. Lakini Babu, Mungu amrehemu, alisema wazi kwamba ameoteshwa na Mungu. Hakukutajia mitokondria wala jarida la Nature. Ukimwamini, ulijua unaamini. Huyu wa leo anachukua imani ileile, anaivisha koti jeupe, na shilingi 500 zimeongezeka sifuri kadhaa.

Sheria zipo. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake. Usimamizi wa vyakula ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na mamlaka ya dawa ikabaki ikiitwa TMDA. Kopo likijiita kirutubisho linaangaliwa kama chakula, yaani kama ni salama na kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Namba ya usajili haisemi popote kwamba kinashusha sukari. Muuzaji anakuonesha namba ile kwa kidole kama vile ni cheti cha daktari bingwa.

Turudi kwenye ini. Kusafisha ini kupo, na nashangaa hakuna anayetangaza jambo hilo. Mwaka 2011 Roy Taylor wa Newcastle aliwaweka wagonjwa 11 wa kisukari aina ya pili kwenye chakula kidogo sana kwa wiki nane. Ndani ya wiki moja mafuta ya ini yalishuka sana na sukari ya asubuhi ikarudi kawaida. Jaribio kubwa lililofuata Uingereza, la watu 306 wenye uzito uliozidi na ambao ugonjwa wao haujavuka miaka sita, lilionesha mwaka 2018 kwamba karibu nusu ya waliopunguzwa uzito, asilimia 46, walikuwa wameachana na kisukari bila dawa mwaka ulipotimia, dhidi ya 4 tu ya wengine. Hakuna kopo hapo. Mlango wa kuingilia umebanwa, basi. Mwenye kumeza dawa za kushusha sukari asijitie kufunga peke yake, ataanguka. Hilo ni la kufanya na kliniki. Wala si kila mgonjwa wetu ni mnene. Lakini ukiniuliza ini linasafishwaje, jibu ni hilo.

Na mlango wa kutokea ni miguu. Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walipopima vijiji vyetu miaka ya 1980, wenye kisukari hawakufika asilimia moja. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulipata asilimia 9.1. Vijiji si nchi nzima na vipimo havikuwa sawa, najua, ila pengo hilo halizibwi na tofauti ya vipimo peke yake. Je, kati ya miaka hiyo mlonge uliota mabawa ukaruka? Manjano yaliadimika? Yaliyobadilika ni stuli, chipsi mayai na chai yenye vijiko vinne. Palepale Kariakoo nimeona bango la juisi ya miwa, tangawizi na ndimu ndani, likisema ina antioksidanti nyingi. Nazo zimo, kwenye glasi ya sukari tupu.

Nilimrudia kijana baada ya Alasiri. Tulisalimiana vizuri, akaniamkia, akanivutia kiti. Nikamuuliza, mwanangu, hili kopo limejaribiwa kwa watu wangapi wenye sukari, na wastani wao wa sukari wa miezi mitatu ulishuka kutoka ngapi kwenda ngapi? Alilitazama kopo, akaligeuza, akasoma nyuma, akanitazama. "Mzee wangu," akasema, "hayo ya watu wangapi kaulize Muhimbili." Kisha akanyoosha mkono akaongeza sauti ya kipaza sauti.